Presha ya Macho: Uhakiki wa Istilahi za Glakoma katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mjadala juu ya istilahi za Kiswahili umezoea kuzungukia maswali mawili: neno limetoka wapi, na limeundwa kwa kufuata kanuni gani. Wako wanaotaka kila dhana mpya ipewe jina kutoka katika hazina ya lugha za Kibantu. Wako wanaokiona Kiarabu kuwa jirani wa karibu zaidi. Na wako wanaoshikilia kwamba neno la kimataifa likishatoholewa vizuri halihitaji mbadala. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, katika uwanja wa tiba yanaliacha nje swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni hili: mgonjwa akishalisikia neno, atafanya nini? Istilahi ya fizikia ikiwa mbaya, mwanafunzi hupoteza alama katika mtihani. Istilahi ya ugonjwa ikiwa mbaya, mtu anaweza kupoteza kiungo.

Makala haya yanachunguza majina ya ugonjwa mmoja wa macho, yaani glakoma, pamoja na majina ya sehemu za jicho yanayohitajika katika kuueleza. Ugonjwa huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndio unaoongoza duniani miongoni mwa magonjwa yaletayo upofu usioweza kuondolewa; ilikadiriwa kwamba kufikia mwaka 2020 watu wapatao milioni 76 walikuwa nao. Pili, unalo jina linalopendwa na watu, 'presha ya macho', ambalo kwa sura ni zuri: ni fupi, linatamkika, na kila mtu anadhani analielewa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba wepesi huo ndio hatari yake. Jina linaloeleweka vibaya lina madhara zaidi kuliko jina lisiloeleweka kabisa, kwa kuwa asiyeelewa huuliza, na anayedhani ameelewa huenda zake.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mtoa huduma, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria imekwisha kutoa agizo; maneno ya kulitekeleza agizo hilo ni kazi ya idara za lugha.

2. Ugonjwa wenyewe

Hapana budi kuueleza ugonjwa kabla ya kuyahukumu majina yake. Ndani ya sehemu ya mbele ya jicho mna maji angavu yanayotengenezwa mfululizo na tishu iliyo nyuma ya irisi. Maji hayo hupita katika mboni, hufika mbele, kisha hutoka kupitia kichujio chembamba kilicho ukingoni, pale konea inapokutana na irisi, na hatimaye kuingia katika damu. Yanayotengenezwa yakilingana na yanayotoka, presha ya ndani ya jicho hukaa katika kiwango cha kawaida, ambacho kwa watu wengi ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Njia ya kutokea ikiwa nzito kupitika au ikizibika, presha hupanda. Nyuma ya jicho iko neva ipelekayo habari za kuona kwenye ubongo, yenye nyuzi zipatazo milioni moja. Katika glakoma nyuzi hizo hufa kidogo kidogo, na zikishakufa hazioti tena.

Aina iliyo ya kawaida zaidi barani Afrika haina maumivu. Kwa kawaida huanza kwa kula sehemu za pembeni za eneo la kuona, wakati kuona kwa katikati kukiwa bado safi. Jicho moja huficha kasoro ya jingine, na ubongo huijaza nafasi iliyopotea kwa kubahatisha. Utafiti uliofanywa Kongwa, Tanzania ya kati, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba asilimia 4 hivi ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma. Hata katika nchi tajiri, yapata nusu ya wenye ugonjwa huu hawajui kwamba wanao. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hii ni mvua isiyotanguliwa na mawingu, na mtu aliyelelewa katika hekima ya methali ile hana sababu ya kutafuta mwavuli. Kwa hiyo jina la ugonjwa hulazimika kufanya kazi ambayo katika magonjwa mengine hufanywa na maumivu.

3. Jina lililokosea tangu mwanzo

Wanaolilaumu neno 'glakoma' kwa ugeni wake hudhani kwamba katika lugha lilikotoka lilikuwa na maana sahihi. Historia haikubaliani nao. Neno hili linatokana na Kiyunani 'glaukos', lililotaja rangi ya samawati iliyopauka au kijani cha kijivu. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, hali yenye jina la mzizi huo imetajwa miongoni mwa maradhi ya uzeeni, na kilichotajwa ni rangi ya mboni ya mtu aliyepofuka. Presha haikujulikana, wala neva haikushukiwa. Kwa karne nyingi glakoma na mtoto wa jicho vilichanganywa. Ni mwanzoni mwa karne ya 18 tu ambapo waganga wa Ufaransa, akiwamo Michel Brisseau, walionyesha kwamba mtoto wa jicho ni lenzi yenyewe iliyoingia ukungu. Hermann von Helmholtz alipotangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, ndipo neva iliyoharibika ilipoweza kuonekana kwa mtu aliye hai; na mwaka 1857 Albrecht von Graefe alieleza upasuaji wa irisi uliosaidia baadhi ya wagonjwa wa glakoma.

Waarabu nao waliutazama ugonjwa kwa jicho la rangi. Katika Kiarabu cha leo mtoto wa jicho huitwa 'maji meupe', na glakoma 'maji ya buluu'. Asili ya maji hayo ni dhana ya kale kwamba kioevu huteremka kutoka kichwani na kutanda mbele ya mboni. Dhana hiyo ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 11 na Constantinus Africanus, ikazaa neno la Kizungu la mtoto wa jicho ambalo maana yake ya asili ni maporomoko ya maji. Wasemaji wa Kiurdu na Kihindi wana jozi iliyo sawa na hiyo: 'safed motia' na 'kala motia', majina yanayohusishwa na lulu, moja nyeupe na nyingine nyeusi. Mswahili anayeishi Maskati, kwa hiyo, hukutana hospitalini na mfumo wa majina ulio tofauti kabisa na ule alioachiwa na wazee wake wa Mombasa au Unguja.

Jozi hizi zina faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba zinamwonya msikilizaji kuwa yako magonjwa mawili. Hasara ni kwamba zinayafanya ndugu wa baba mmoja, ilhali hayana nasaba. Jambo la kuzingatia ni kwamba lugha zote hizi, pamoja na ile ya wanasayansi wenyewe, zimerithi majina yaliyojengwa juu ya makosa. Kwa hiyo usahihi wa asili ya neno hauwezi kuwa kipimo cha kufaa kwake.

4. Mtoto wa jicho na jirani yake

Kiswahili hakikufuata njia ya rangi. 'Mtoto wa jicho' ni istiara iliyojengwa kwa mtindo unaofahamika: kitu kidogo kilichomo ndani ya kikubwa huitwa mtoto wake, kama saraka inavyoitwa mtoto wa meza. Jina hili lina bahati ya kufanana na ukweli wa tiba yake. Mtoto yumo ndani, anakua, na anaweza kutolewa; akitolewa, na lenzi ya bandia ikiwekwa, mtu huona tena. Kitenzi '-toa' kinakaa mahali pake bila kulazimishwa. Jina jingine linalostahili sifa ni 'vikope', litumikalo hasa Tanzania kwa ugonjwa wa trakoma. Trakoma isipotibiwa huikunja kope iingie ndani na kukwaruza konea. Jina linaelekeza kidole mahali panapoumia, na mwenye kulisikia anajua pa kutazama.

Tatizo ni kwamba jina zuri huvuka mipaka yake. Kwa kuwa mtoto wa jicho ndilo jina la upofu wa uzeeni linalojulikana zaidi, kila mzee anayepungukiwa na kuona hudhaniwa kuwa na mtoto. Istiara huleta pia mantiki yake: mtoto hungojewa akue. Zamani waganga wenyewe walishauri kungoja mtoto wa jicho akomae kabla ya kumtoa, na ushauri huo umebaki katika vinywa vya watu baada ya upasuaji wa kisasa kuuondolea sababu. Mwenye mtoto wa jicho akingoja miaka miwili, mara nyingi hupoteza raha ya miaka miwili. Mwenye glakoma akingoja kwa kudhani ana mtoto wa jicho, hupoteza kile ambacho hakuna mkono wa kukirudisha. Hivyo basi, kosa la glakoma katika Kiswahili linaanzia katika uzuri wa jina la jirani yake, kabla hata jina lake lenyewe halijatamkwa.

5. 'Presha ya macho'

J. R. Firth, aliyefundisha isimu London, aliwazoesha wanafunzi wake kuitafuta maana ya neno katika maneno linaloandamana nayo. Kipimo hicho kinafaa sana hapa. Katika Kiswahili cha leo, 'presha' ikitajwa peke yake ni ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Mtu 'ana presha', presha yake 'imepanda' au 'imeshuka', 'amepatwa na presha' baada ya habari mbaya, na mwingine huombwa 'asimpe mwenzake presha'. Neno limekwisha kuondoka katika fizikia na kuingia katika hisia: presha ni kitu kinachokuja na kuondoka, kinacholetwa na masumbuko, na kinachosikika mwilini kwa kichwa kugonga au moyo kwenda mbio.

Maandamano yote hayo huhamia katika 'presha ya macho'. Matokeo yake yanaweza kupangwa katika mafungu manne.

Kwanza, mgonjwa huelewa kwamba presha yake ya damu imefika machoni. Aliye na dawa za presha nyumbani ataona hana haja ya matone. Asiye na presha ya damu ataona amepimwa vibaya. Ni kweli kwamba hali ya mzunguko wa damu huchunguzwa katika glakoma, lakini presha ya jicho ni ya maji yaliyomo jichoni, nayo hupimwa kwa chombo chake mbali.

Pili, tarakimu hudanganya. Mtu aliyezoea kusikia kwamba presha nzuri ni 120 kwa 80, akiambiwa presha ya jicho lake ni 28, ataondoka akishukuru kwamba iko chini. Vipimo vyote viwili husomwa kwa milimita za zebaki, na jina ni moja. Hakuna kitu katika lugha kinachomzuia asizilinganishe.

Tatu, jina huahidi hisia ambayo ugonjwa hauileti. Anayengoja kuisikia presha katika jicho, kama vile maumivu, mgandamizo au wekundu, atangoja mpaka mwisho. Iko aina ya ghafla, ambayo njia ya maji huzibwa kwa saa chache, jicho likawa jekundu, likauma vikali, na mtu akatapika. Hiyo ni dharura, na kwayo jina 'presha' lingefaa. Lakini aina hiyo ndiyo iliyo adimu zaidi kwetu. Jina limechukua sura ya tukio la nadra na kuipa aina iliyo ya kawaida.

Nne, na hili ndilo kosa la kimantiki, jina halifuniki ugonjwa wote wala haliishii ndani yake. Wako watu ambao presha yao ya jicho ni ya kawaida na neva inakufa; nao wana glakoma. Wako wengine ambao presha yao imezidi kawaida kwa miaka mingi na neva ni nzima, hao hawana. Presha ni kihatarishi kikubwa, tena ndicho ambacho tiba inaweza kukigusa, lakini madhara yenyewe yako katika neva. Kuuita ugonjwa huu presha ni sawa na kuuita moto wa nyumba 'upepo', kwa sababu upepo huuchochea.

6. Majaribio ya wataalamu

Wataalamu wa istilahi hawakulilala suala la presha. Katika mafunzo ya fizikia lilipendekezwa 'kanieneo', kwa kuunganisha kani na eneo, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoka mwaka 1990, mtindo huo wa kuunda maneno ulikuwa umekwisha kukubalika. 'Kanieneo' ni neno lenye uwazi kwa mwanafizikia: linasema hasa namna kipimo kinavyopatikana. Kwa mgonjwa halisemi lolote, na haielekei kwamba mtu yeyote ataambiwa ana kanieneo ya macho.

'Shinikizo' limefaulu zaidi, hasa katika magazeti na redio, kwa kupitia 'shinikizo la damu'. Kutoka hapo limezaliwa 'shinikizo la macho' au 'shinikizo la jicho'. Hata hivyo, kubadilisha presha kwa shinikizo ni kubadilisha vazi na kuuacha mwili ulivyo: makosa manne yaliyotajwa yamebaki yote. Limeongezeka na la tano, kwa kuwa shinikizo limekwisha kuzama katika siasa. Vyama vya wafanyakazi hutoa shinikizo, serikali hushinikizwa. Neno linadai awepo mwenye kushinikiza, na katika jicho hayupo.

Lipo, mwishowe, 'glakoma', lililotoholewa kwa kufuata silabi za Kiswahili kadiri zinavyoruhusu. Wapinzani wake husema halina mzizi katika lugha na kwa hiyo halina maana. Hoja hiyo itajibiwa baada ya kuyatazama majina ya sehemu za jicho, kwa sababu jina la ugonjwa halieleweki pasipo hayo.

7. Mboni, mshipa, maji na pembe

Maneno manne yanatosha kuonyesha ugumu uliopo.

'Mboni' ni la kale. Wanaisimu wa Kibantu hulihusisha na mzizi wa '-ona', ambao konsonanti yake ya mwanzo imepotea katika kitenzi na kuhifadhiwa katika nomino kwa kukingwa na nazali. Kwa hiyo mboni ni, kwa asili yake, kionacho. Kamusi huipa maana ya kile kitundu cheusi cha katikati. Lakini kwa watu wenye macho meusi, irisi na kitundu huonekana kama duara moja, na katika matumizi ya kawaida mboni hutaja duara lote. Wengine huita hivyo hivyo 'kiini cha jicho'. Lugha haikukosa neno kwa umaskini. Haikuwa na sababu ya kutenganisha vitu ambavyo jicho la mtazamaji halikuvitenganisha. Hapa mkopo 'irisi' una kazi ya kweli, kwa kuwa unaiacha mboni ibaki na maana moja.

'Mshipa' ni mfano ulio kinyume: neno moja limebebeshwa mizigo mingi mno. Mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, ni kano, na pia ni ugonjwa wa kuvimba sehemu za siri za mwanamume. Mgonjwa akiambiwa 'mshipa wa jicho umeharibika', atafikiri damu, hasa ikiwa dakika moja kabla yake ametajiwa presha. Maneno mawili yameshirikiana kumpeleka njia moja isiyo yenyewe. 'Mshipa wa fahamu' unapunguza utata bila kuumaliza. 'Neva', ambalo limekwisha kuzoeleka shuleni, ndilo salama, na likiandamana na ufafanuzi 'uzi wa kupeleka habari kwenye ubongo' halimtishi mtu.

'Maji ya jicho' yanagongana na machozi. Akielezwa kwamba maji ya jicho hayatoki vizuri, msikilizaji atafikiri juu ya jicho kavu. Akielezwa kwamba yamezidi, atafikiri juu ya jicho linalotiririka, na atajiona salama kwa kuwa lake halitiririki. Neno moja dogo lingetosha kumwokoa: 'maji ya ndani ya jicho'. 

'Pembe' linaingia katika majina ya aina mbili kuu za ugonjwa, 'glakoma ya pembe wazi' na 'glakoma ya pembe funge'. Tafsiri ni sahihi kijiometri, lakini pembe ya jicho ambayo Mswahili anaijua ni ile ya pua au ya sikio, mahali tongotongo zinapokusanyika asubuhi. Atapanguza pembe hiyo na kuiona safi. Kwa mazungumzo ya wataalamu istilahi hizi zibaki. Kwa mgonjwa yafaa isemwe 'aina ya polepole' na 'aina ya ghafla', kwani tofauti inayomhusu ni ya wakati, nayo ndiyo itakayomwambia kama aje kesho au aje usiku huu.

8. Vitenzi na jamaa

Uhakiki wa istilahi huelekea kuishia katika nomino, ilhali mgonjwa huongozwa zaidi na vitenzi. Kiswahili kinatofautisha vizuri '-tibu' na '-ponya': mganga hutibu, na kupona ni jambo jingine. Hata hivyo katika mazungumzo ya haraka 'dawa' huahidi 'kupona'. Matone ya glakoma hayamponyi mtu wala hayamrudishii alichopoteza. Yanapunguza presha ili kilichobaki kisiende. Mtu aliyengoja kupona ataimaliza chupa ya kwanza, ataona hakuna kilichobadilika, na hatanunua ya pili. Vitenzi vinavyofaa ni '-zuia', '-linda' na '-hifadhi', navyo vimo katika lugha tangu zamani. Hakuna kamati inayohitajika kuviunda.

Vivyo hivyo, kuona kunakopungua kunaweza kuelezwa kwa '-chungulia'. Anayechungulia tunduni huona kilicho mbele yake na kukosa kilicho kandoni. Kumwambia mtu kwamba ugonjwa usipozuiwa atafika mahali pa kuitazama dunia kwa kuchungulia, ni kumpa kwa neno moja picha ambayo istilahi ya 'kupungua kwa eneo la kuona' haiwezi kuichora.

Liko pia neno 'ndugu'. Glakoma hufuata damu, na watoto wa mgonjwa pamoja na wale aliozaliwa nao wanapaswa kupimwa. Swali 'kuna ndugu yako mwenye ugonjwa huu?' linaweza kujibiwa kwa kumtaja mke wa binamu au jirani wa miaka mingi. 'Wazazi wako, watoto wako, na ndugu zako wa tumbo moja' ni swali refu, lakini lina jibu.

9. Pingamizi na jibu lake

Itasemwa kwamba, ikiwa majina yaliyo wazi yana hatari zote hizo, basi neno geni lisilo na maana lina hatari kubwa zaidi. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu mgonjwa aliyetupiwa neno 'glakoma' na kuachwa hivyo hajaambiwa chochote. Lakini linachanganya mambo mawili: maana ambayo neno linakuja nayo, na maana ambayo neno linapewa. Tangu Ferdinand de Saussure imekubalika kwamba uhusiano wa jina na kitu ni wa makubaliano. 'Malaria' kwa asili yake ya Kiitaliano ni 'hewa mbaya', dhana iliyokwisha kukataliwa na sayansi. Mswahili hakudhurika na kosa hilo, kwa sababu hakulisikia. Alilipokea neno likiwa tupu, na likajazwa mbu na chandarua. 'Ukimwi' ni kifupisho ambacho wengi hawawezi kukifumbua herufi kwa herufi, lakini kilifundishwa kwa bidii mpaka kikawa na maana nzito kuliko maneno kilikotolewa. 'Kisukari', kwa upande mwingine, ni wazi, na uwazi wake umewafanya wengi waamini kwamba chanzo chake ni sukari ya chai.

Faida ya 'glakoma', basi, iko katika utupu wake. Haliandamani na damu, wala masumbuko, wala kupanda na kushuka. Linamlazimu msemaji alieleze na msikilizaji aulize. Gharama yake ni kazi ya kueleza, na gharama hiyo haikwepeki. 'Presha ya macho' linaificha tu, kisha linaidai baadaye kwa jicho la mgonjwa.

Haifuati kwamba jina la watu lifutwe. Lugha haifuti neno kwa amri, na muuguzi anayekutana na mzee asiyejua jina jingine atakuwa mpumbavu akikataa kulitumia. Linaweza kuwa mlango: 'Ule ugonjwa unaouita presha ya macho, jina lake ni glakoma, na si presha ya damu.' Kinachopingwa ni kuliandika katika mabango, vitabu vya shule na fomu za hospitali kana kwamba ndilo jina na ndiyo maana.

10. Hitimisho

Uhakiki huu unaelekea kwenye mapendekezo matatu yaliyo mepesi kutekelezwa. La kwanza ni kutenganisha ugonjwa na kipimo: ugonjwa uitwe 'glakoma', na 'presha ya ndani ya jicho' libaki kuwa jina la kile kinachopimwa, bila kuliacha neno 'ndani'. La pili ni kwamba fasili ya kamusi ianze na neva, presha ifuate. Fasili ya namna hii ingetosha: glakoma ni ugonjwa unaoua polepole neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu presha ya ndani ya jicho imezidi kiasi ambacho neva hiyo inakistahimili, kwa kawaida hauumi, na kuona kulikopotea hakurudi. La tatu ni kwamba istilahi za tiba zisipitishwe mezani peke yake. Kabla ya kuingizwa katika kamusi, kila pendekezo lisomewe watu wasio wanafunzi wa lugha wala wa tiba, kisha waulizwe swali moja: ukiambiwa una ugonjwa huu, utafanya nini kesho asubuhi? Jibu litakuwa hakimu mwaminifu kuliko kanuni za uundaji wa maneno.

Idara za Kiswahili zimetumia miaka mingi kuthibitisha kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi. Hilo halihitaji tena ushahidi. Linalohitaji ushahidi ni kama maneno yaliyoundwa yanafika kwa yule aliyekaa benchi la kliniki na karatasi mkononi, na kama yanafika kabla ya neva yake kufa.